Maumivu ya Miguu Siku za Hedhi ni Jambo la Chama



Katika mikutano ya matawi yetu husemwa habari za mishahara, saa za ziada, nyumba za kambi zinazovuja na dawa za kunyunyizia mimea. Hayo ni madai ya haki na hatutayaacha. Lakini liko jambo moja ambalo huletwa kwetu kwa kunong'onezwa, mkutano ukiisha kufungwa na wanaume wakiisha kuondoka. Ni maumivu ya miguu yanayowapata wanawake wafanyakazi siku za hedhi.

Wanaolileta husimulia karibu mambo yale yale. Siku moja kabla ya damu kutoka, au siku ile ile, maumivu huanzia chini ya kitovu, yakazunguka kiunoni, yakashuka mapajani hata magotini. Mapaja huwa mazito kama yamefungiwa mawe. Mchuma chai wa Bushenyi au Kabarole anapanda mlima na kikapu mgongoni. Mpalizi wa miwa wa Masindi ameinama tangu alfajiri. Mpangaji wa maua wa Wakiso amesimama juu ya saruji, na fundi wa kiwanda cha nguo cha Jinja hawezi kuondoka kwenye mashine mpaka kengele ilie. Akichutama kidogo apumue, nyapara humwita mvivu. Kilo zikipungua jioni, mshahara hupungua.

Sisi wa chama tunasema hivi: jambo hili si siri ya kina mama. Ni jambo la kazi na la mshahara, na mahali pake ni katika mkataba wa pamoja. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Chama kikiona haya kutaja hedhi, hakitapata haki yoyote juu yake.

MAUMIVU YANATOKA WAPI

Kwanza ieleweke kwamba maumivu haya si uvivu, si uchawi, wala si adhabu ya mtu asiyezaa. Zaidi ya nusu ya wanawake wanaopata hedhi huumwa kiasi fulani kwa siku moja au mbili kila mwezi. Sababu zake zinajulikana.

Utando ulio ndani ya tumbo la uzazi unapojiandaa kutoka, hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizi huufanya msuli wa tumbo la uzazi ujikaze ili kusukuma damu nje. Ukijikaza sana, damu inayoulisha msuli huo hupungua, nao huuma, kama mkono unavyouma ukibeba ndoo ya maji mbali bila kuitua. Mwenye prostaglandini nyingi huumwa zaidi. Mwaka 1982 wataalamu watatu, wawili wa Sweden na mmoja wa Uingereza, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya kemikali hizi na nyingine za jamii yake. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba ni mambo ya kudhani tu.

Mbona basi iume miguu na tumbo ndilo lenye kazi? Neva zinazotoka katika tumbo la uzazi huingia katika uti wa mgongo karibu na pale zinapoingia neva za kiuno na za mapaja. Ubongo hupokea habari hizo kama karani anayepokea simu za nyumba mbili kwa waya mmoja: anasikia kilio, lakini hajui vizuri kimetoka nyumba gani. Maumivu yanayotoka tumboni husikika pajani, ingawa paja lenyewe ni zima.

Iko sababu nyingine. Siku za kabla ya hedhi mwili wa wanawake wengi hushika maji, na mishipa inayorudisha damu moyoni hulegea. Miguu huvimba kidogo na kuwa mizito, hasa kwa mwenye mishipa iliyokwisha kutuna miguuni.

KAZI INAONGEZA NINI

Hapa ndipo chama kinapoingia. Hedhi huja hata kwa mwanamke aliyekaa nyumbani, lakini kazi inaweza kuyafanya maumivu yake kuwa mara mbili.

Shavu la mguu ni pampu. Mtu akitembea, msuli wake hukamua damu na kuipandisha juu. Akisimama mahali pamoja saa nyingi, pampu hiyo hailimi wala haivuni: damu na maji hubaki chini, na mguu hujaa. Anayepanga maua au kusimamia mashine kutwa hupata uzito huo kila siku. Siku za hedhi uzito huo hukutana na maumivu yatokayo tumboni, naye akabeba mizigo miwili kwa pamoja.

Anayeinama kupalilia huchosha misuli ile ile ya kiuno na mapaja inayouma tayari. Anayebeba kikapu cha chai huongeza mzigo juu ya uti wa mgongo.

Tena kuna suala la choo. Mahali ambapo choo kiko mbali, au nyapara huhesabu dakika, wanawake huacha kunywa maji wasije wakahitaji kwenda. Kwenye jua kali, asiyekunywa maji huumwa kichwa, hukakamaa misuli na kuishiwa nguvu. Wengine hukaa na kitambaa kimoja tangu asubuhi hata jioni kwa kukosa pa kubadilishia. Kosa hapo ni la mwajiri ambaye hakuchimba choo karibu.

MWENYE MAUMIVU AFANYE NINI

Yako mambo ambayo mwanamke anaweza kuyafanya mwenyewe, na ni vizuri kila mjumbe wa chama ayajue ili awaeleze wenzake.

Joto husaidia sana. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa katika kitambaa, ikiwekwa chini ya kitovu au kiunoni, hulegeza msuli unaojikaza. Haigharimu kitu, na isiwe ya moto kiasi cha kuunguza ngozi. Usiku, alale miguu ikiwa imeinuliwa juu ya mto au nguo zilizokunjwa.

Mwendo mwepesi nao husaidia. Kutembea kidogo, kunyoosha mapaja na kiuno, kuinuka juu ya vidole na kushuka mara ishirini, hiyo huamsha pampu ya mguu. Wanaofanya mazoezi mara kwa mara kwa mwezi mzima huumwa kidogo zaidi. Lakini kubeba kikapu saa kumi si mazoezi, na mwajiri asitugeuzie maneno haya.

Juu ya dawa: ibuprofeni hupunguza utengenezaji wa zile prostaglandini zenyewe, na ndiyo maana kwa wengi hufaa kuliko Panadol. Hufanya kazi vizuri ikianzwa mapema, maumivu yanapoanza tu, bila kungoja yazidi. Kwa mtu mzima mwenye afya, kipimo cha kawaida ni miligramu 200 hadi 400, si zaidi ya mara tatu kwa siku, baada ya kula, kwa siku mbili au tatu. Lakini iko hadhari. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo, mwenye pumu inayoamshwa na aspirini, na mwenye mimba au anayedhani ana mimba, asiimeze bila kumwuliza mganga. Na anayefanya kazi juani bila kunywa maji ya kutosha ajihadhari, maana dawa hii juu ya mwili uliokauka inaweza kuumiza figo. Kwa hiyo hata kidonge hakifai kitu pasipo maji ya kunywa.

Anayetoka damu nyingi apimwe damu kituo cha afya. Upungufu wa damu huleta uchovu, moyo kwenda mbio na miguu isiyo na nguvu. Maharage, mboga za majani na dagaa husaidia, lakini upungufu mkubwa hutaka vidonge vya madini ya chuma na kutafuta sababu ya damu hiyo. Baadhi ya njia za uzazi wa mpango zenye homoni nazo hupunguza maumivu ya hedhi. Hilo ni la kuzungumza na mhudumu wa afya, maana kila mwili una hali yake.

Mwisho, aandike. Daftari dogo la kuandika siku damu ilipoanza, siku miguu ilipouma na kiasi cha maumivu, kwa miezi mitatu, humsaidia mganga. Nalo humsaidia mjumbe wa chama anapokwenda kwa meneja, kwani neno lililoandikwa ni gumu kulikana.

SI KILA MAUMIVU NI YA KUVUMILIA

Kina mama wengi wameambiwa tangu usichana kwamba kuumwa ni fungu la mwanamke. Maneno haya yamewachelewesha wengi kwenda hospitali. Maumivu ya kawaida huja na hedhi na kwa desturi hupoa siku ya pili au ya tatu. Mambo yafuatayo yanataka mganga:

Maumivu yaliyoanza ukubwani kwa mtu ambaye zamani hakuwa akiumwa, au yanayozidi mwaka hata mwaka. Yanaweza kutokana na uvimbe katika tumbo la uzazi, au ugonjwa wa endometriosisi, ambapo nyama ifananayo na utando wa tumbo la uzazi huota nje yake. Mara chache nyama hiyo hugusa neva kubwa ya mguu, na mguu mmoja ukauma kutoka tako hadi kisigino kila mwezi hedhi ikija.

Maumivu yenye homa au uchafu wenye harufu mbaya, maana huenda ni maambukizo. Maumivu makali upande mmoja kwa mwanamke ambaye hedhi yake ilichelewa, kwa kuwa mimba inaweza kuwa imetunga nje ya tumbo la uzazi. Hili halingoji kesho.

Mguu mmoja tu uliovimba, wenye joto, unaouma ukiguswa. Damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vya homoni mbili, au aliyejifungua karibuni, yuko katika hatari zaidi. Mtu huyo asikandwe mguu. Na akianza kukosa pumzi au kifua kumchoma, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama lori la miwa ndilo gari pekee lililopo.

Mwenye ugonjwa wa seli mundu naye, ambaye mifupa ya miguu huweza kumwuma zaidi siku hizo, asichanganywe na wengine. Aende kwenye kliniki yake.

ASIYELINDWA HUFANYWA NINI

Wapo watakaosema kwamba tunakuza jambo dogo. Tunawaomba watazame India, kwa watu wenye kazi kama yetu. Katika wilaya ya Beed, jimbo la Maharashtra, wakata miwa huajiriwa mke na mume kama jozi moja, na siku ambayo mmoja hakwenda shambani hutozwa faini. Mwaka 2019 kamati iliyoundwa na serikali ya jimbo ilikuta kwamba wanawake zaidi ya 13,000 kati ya 82,000 hivi walioulizwa walikuwa wameondolewa tumbo la uzazi. Wengi wao walieleza habari za hedhi, maumivu na hofu ya kupoteza siku za kazi.

Mwaka huo huo waandishi wa Thomson Reuters Foundation walifichua kwamba katika viwanda vya nguo vya Tamil Nadu, huko huko India, wanawake walioumwa siku za hedhi walipewa na wasimamizi vidonge visivyo na jina ili warudi kwenye mashine. Hawakuambiwa ni dawa gani wala madhara yake. Ndugu zetu, mahali ambapo mapumziko ni faini, mtu huuza hata kiungo cha mwili wake. Hatutaki yafike kwetu.

TUNAYODAI

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haikutaja siku ya hedhi. Inasema, hata hivyo, kwamba mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini, akishindwa kazi kwa ugonjwa, anastahili mshahara wake kamili katika mwezi wa kwanza wa kutokuwapo, mradi atoe taarifa na alete cheti cha mganga akiulizwa. Kwa maoni yetu mwanamke asiyeweza kusimama kwa maumivu ni mgonjwa kama mwenye malaria. Lakini kumtaka apange foleni kutwa nzima kituo cha afya kwa ajili ya cheti cha siku moja, kila mwezi, ni kumnyima haki kwa njia ya mlango wa nyuma.

Zambia wametutangulia. Sheria yao ya ajira ya mwaka 2019 inampa kila mwanamke mfanyakazi siku moja ya kutokuwapo kazini kila mwezi, bila cheti cha daktari na bila kutoa sababu. Wenyewe huiita Siku ya Mama, lakini hata asiye na mtoto anayo. Hilo lilikwisha kuwa sheria, na mashamba na viwanda vyao havikufungwa kwa sababu yake.

Lakini tusishangilie haraka. Japani waliandika likizo ya hedhi katika sheria tangu mwaka 1947, ila sheria haimlazimishi mwajiri kuilipa. Uchunguzi wa serikali yao wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba haikufika mwanamke mmoja katika mia aliyeiomba. Haki isiyo na mshahara ni kama kisima kisicho na kamba. Kwetu sisi tunaolipwa kwa kilo, siku ya mapumziko bila malipo ni njaa tu.

Kwa hiyo basi, tunapendekeza kila tawi lipeleke madai haya katika mazungumzo ya mkataba:

1. Siku moja kwa mwezi yenye malipo, bila cheti. Kwa anayelipwa kwa kilo, ihesabiwe kwa wastani wa kilo zake za mwezi uliopita.

2. Viti au mabenchi kwa wote wanaofanya kazi ya kusimama, na ruhusa ya kukaa. Kenya wana sheria ya mwaka 2007 ya usalama na afya kazini inayomtaka mwajiri aweke mahali pa kukaa pale kazi inaporuhusu. Kiti hakizuii ua kupangwa.

3. Dakika kumi za kunyoosha miguu kila baada ya saa mbili, kwa wanawake na wanaume pia.

4. Kubadilishiwa kazi kwa siku mbili bila kupunguziwa malipo, kwa anayeomba: kutoka kubeba kwenda kuhesabu, kutoka kupalilia kwenda kitalu.

5. Choo karibu, chenye mlango unaofungika, maji ya kunawa na pa kutupia taka, pamoja na maji safi ya kunywa shambani.

6. Dawa za maumivu zenye jina na tarehe katika zahanati ya kazini, zitolewe na mhudumu wa afya, si na nyapara.

7. Manyapara wakatazwe kuuliza maswali ya kuaibisha au kudai ushahidi. Uganda iliridhia mwaka 2023 Mkataba nambari 190 wa Shirika la Kazi Duniani unaopinga ukatili na unyanyasaji kazini. Kumwaibisha mwanamke kwa sababu ya hedhi ni unyanyasaji.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Mwajiri atasema kwamba wanawake wakipewa haya, ataajiri wanaume tu. Maneno hayo hayo husemwa juu ya likizo ya uzazi, na wanawake bado ndio wanaojaza mabanda ya maua. Mwajiri amewachagua kwa sababu ya kazi yao. Basi na awachukue pamoja na miili yao.

Wengine watasema haki hii itatumiwa vibaya. Huenda mmoja akaitumia kwenda sokoni. Lakini hatujasikia chakula cha mchana kikifutwa kwa sababu mmoja alikitumia kulala. Asiyeaminika ashughulikiwe peke yake, na haki ya wengi ibaki.

Na nyinyi ndugu zetu wanaume, mnaouliza kwa nini wanawake wapendelewe: adhabu ya kaburi aijua maiti. Tena hesabuni vizuri. Kiti, maji, choo na dakika kumi za kunyoosha miguu ni vyenu pia. Na mshahara wa mke ukikatwa, chungu kinachopungua ni cha nyumba moja.

WITO WETU

Kila tawi liwaweke wajumbe wawili wanawake katika kamati ya afya na usalama, wapokee malalamiko haya na kuyaandika bila kutaja majina ya watu. Mkutano wa tawi ujao, jambo hili lisomwe katika ajenda kwa jina lake, hedhi, bila kuzungukazunguka. Wanaume wakae wasikie.

Vibarua nao wasiachwe. Kwa kanuni za ajira za mwaka 2011, kibarua akipita miezi minne anastahili mkataba wa maandishi. Mjumbe ahakikishe ameupata, kwani asiye na mkataba hana pa kuyaandika madai haya.

Na wewe dada unayesoma ukiwa umesimama, au unayesomewa na mwenzako: usimeze kidonge usichojua jina lake, usinyamazie maumivu yanayozidi, na usilie peke yako nyuma ya mstari wa chai. Mwambie mjumbe wako. Sauti moja hupuuzwa, lakini sauti za tawi zima huandikwa katika mkataba.

Umoja ni nguvu.